Ukurasa wa Kwanza

Nakala kumi na moja, wanafunzi sitini na wawili,
na nakala zote zinaanzia ukurasa wa tatu.
Mchwa hawana nidhamu ya namna hiyo.
Nadhani kuna mtu pale Igoma alikula karanga
zilizofungwa ndani ya mwanzo wa anguko la mtawala.

Basi nauandika ubaoni kwa kumbukumbu,
chaki inakatika, upepo wa ziwa unagonga bati:

Njiani. Wanawake wanafagia. Anaingia Afisa.
AFISA: Nani kawatuma kufagia leo?
MFAGIAJI: Vumbi, mheshimiwa.

Darasa linaangua kicheko. Vizuri.
Mtunzi alitaka mcheke, nawaambia,
msiba huu una mlango wa uani
na kicheko ndicho komeo lake.

Bwire ananyoosha mkono. "Mwalimu, nani anakufa?"
Subiri.
"Lakini anakufa?"
Bwire, kaa chini.

Kwa nini tunaanza na ufagio, nauliza,
kiti cha enzi kiko wapi?
Kimya. Kule chini Kirumba wameanika dagaa,
harufu inapanda mawe, jiwe kwa jiwe,
inaingia bila hodi, inaketi dawati la nyuma.

Luhende, anayekariri hata nukta na mkato:
"Ili kujenga taharuki, mwalimu."
Jibu sahihi. Nalipa vema.
Lina ubaridi wa samaki wa juzi.

Ndipo Kabula, ambaye tangu Januari
sijamsikia ila anapoitika jina:
"Sisi tulipaka mawe."

Shingo zote zinageuka.

"Alipokuja yule mgeni. Mama na wenzake
walipewa ndoo za chokaa, mawe yote ya kando ya barabara,
kuanzia mzunguko mpaka kwa muuza matairi.
Elfu tano, waliambiwa. Jioni wakaambiwa kesho.
Halafu ikaonekana meza yake ya nyanya
inaharibu mandhari, ikatakiwa ipande lori.
Ilikuwa nzito. Akawasaidia kuibeba."

"Na sisi na vibendera, saa moja hadi saa tisa!"
Bwire huyo.
"Mimi nilizimia," anasema Tibesigwa, kwa fahari kidogo.

"Vioo vilikuwa vyeusi," Kabula anamalizia.
"Hatukumwona. Kama humu tu, mwalimu.
Anafagiliwa, lakini hatokei."

Nageukia ubao.
Tamthilia hii niliisoma chuoni hadi jalada likabanduka,
nikaiandikia kurasa arobaini zenye tanbihi,
na sasa mstari unaofuata umenitoka.
Afisa anasema nini?
Anasema kitu. Wanawake wameinamisha ufagio,
na yeye, mwenye viatu safi, anasema kitu.

Siku ile, kando ya mawe meupe,
mimi ndiye niliyeshika daftari la mahudhurio.
Niliandika kila aliyekaa kivulini.
Tibesigwa alipoanguka nilitazama saa
kabla ya kumtazama yeye.

AFISA, naandika. Nukta mbili. Naweka chaki chini.
Jazeni wenyewe.

Rimu ya lori inagongwa nje, mapumziko,
na hakuna anayeinuka
isipokuwa Bwire, aliyebanwa na mkojo tangu asubuhi.

Luhende kajaza mistari kumi na miwili yenye mizani.
Tibesigwa kamfanya Afisa aombe maji.
Wengi wamemfanya atukane, matusi mengine
sikujua kama wanayajua.
Kabula ana maneno mawili, kwa penseli:

Majina yenu.

Nayahamishia ubaoni, mbele ya ile nukta mbili.
Sina uhakika kama kitabuni ndivyo ilivyo.
Sina pa kuhakikishia. Nimeyaacha hivyo hivyo;
mchana kidato cha pili wana hesabu humu,
watafuta.